Nyumba ya Mama na Simenti Yangu

Nilipopata diploma yangu ya ujenzi huko Uingereza, watu watatu walinishauri nisirudi Mombasa. Wa kwanza alikuwa mwalimu wangu, aliyeniambia kwamba mtu mwenye akili kama yangu hangekaa wiki mbili bila kazi mjini kwao. Wa pili alikuwa Mkenya mwenzangu wa bara, aliyekuwa akifunga mizigo kwenda Nairobi. Alisema serikali mpya inatafuta watu wa aina yetu mchana kwa taa. Wa tatu alikuwa binamu yangu, aliyeniandikia barua kutoka Mombasa penyewe. "Huku ni mahali pa kuzaliwa na kuzikwa," aliandika. "Baina ya hayo mawili, mtu huenda kwengine kutafuta."

Niliwashukuru wote watatu, nikakata tikiti ya meli ya kurudi kwetu.

Sikuwa mtu wa kusukumwa na ushauri. Elimu yangu sikulipiwa na mtu. Baba alikufa ningali mdogo, na mimi nilianza kwa kubeba magunia ya kahawa bandarini kabla sijapewa kalamu ya kuyaandika. Kiingereza nilijifunza kwa magazeti makuukuu. Nauli ya kwenda niliitafuta mwenyewe kwa miaka minne, na huko ng'ambo mchana nilichanganya zege mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi, na jioni nikaketi darasani na watoto wa watu waliotoka majumbani mwao wameshiba. Katika mtihani wa mwisho wawili tu walinipita. Mtaani kwetu, tangu Ngome hadi mwisho wa Kibokoni, simjui mwengine aliyekuwa na karatasi kama yangu wakati ule. Huo ni ukweli, na nimeulipia.

Nilirudi mwaka wa uhuru kwa sababu nilipapenda kwetu, na nilijua nilichokuwa nikikipenda. Nilikopanga ng'ambo, jirani wa mlango wa pili alikaa miaka mitatu bila kunijua jina. Mombasa nilitoka nyumbani saa moja asubuhi, mahamri na mbaazi tumboni, na kabla sijafika kazini nilikuwa nimeshaulizwa hali mara thelathini. Biashara Street wenye maduka, Wahindi waliozaliwa papo hapo kama baba zao, walinisimamisha na leso mkononi kuniuliza goti la mama limepoa au bado. Kazini nilikwenda kwa miguu. Adhuhuri nilirudi kwa miguu, nikasali, nikala wali wa mama wa moto, nikajinyoosha kidogo, nikarudi. Nyumba niliyoitengeneza nilipita mbele yake kila siku, nikauona ukuta wangu, na ukuta ukaniona. Sikuhitaji kuandika kibao. Watu hawakuuliza kama najua kazi. Waliuliza mimi ni mwana wa nani, na jibu likatosha.

Hilo la mwisho nalirudia, kwa sababu ndilo lililotumaliza.

Tulikaa Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa na babu yake mama. Kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nene kiasi cha mkono mzima kutoka kwapa hadi ncha za vidole, na dari yake ilibebwa na boriti za mikoko. Mama alizaliwa humo, akaolewa humo, akakaa eda humo. Alikuwa na ombi moja tu duniani, na alilisema mbele ya kila mtu, kama mtu aagizaye kitu dukani: "Mimi nataka nitoke mlango huu nimebebwa. Kabla ya siku hiyo msinitoe."

Nyumba hiyo ilikuwa na daktari wake, naye ni mjomba wangu, ndugu yake mama. Alikuwa mwashi wa chokaa, fundi wa majumba ya zamani, na alikaa Bondeni. Alichoma chokaa mwenyewe ng'ambo ya pili ya kivuko: matumbawe na kuni hupangwa duara, huwashwa, na mawe yakishaungua huzimwa kwa maji, kisha chokaa huletwa na kulazwa shimoni nyuma ya nyumba yake, mwaka mzima, ikapoa na kulainika kama samli. Kila mwaka mwezi wa Shaaban, kabla ya kuingia Ramadhani, alikuja na ndoo na brashi ya makumbi, akaziba nyufa, akaipaka nyumba yote upya. Ndivyo alivyofanyiwa babu, na ndivyo mtaa mzima ulivyofanya. Ramadhani haikuingia katika nyumba chafu.

Lakini kufikia Rajabu inayofuata ukuta ulikuwa umeshabambuka. Chokaa ilidondoka kwenye sinia la wali. Upande wa kichochoroni palitokea ramani za unyevu zenye chumvi ukingoni. Na mimi, mtu wa diploma, nililala ndani ya ukuta huo. Kwenye baraza ya jirani walinitania waziwazi.

"Ati ulikwenda kusomea nini vile?" aliniuliza mmoja wao, mshona kanzu mwenye ulimi.

"Ujenzi," nikamwambia.

"Basi huo ujenzi uliusahau melini. Nyumba ya mamako yatoka ukurutu."

Walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda kununua simenti.

Mjomba alikuja Shaaban hiyo, kama kawaida yake, akanikuta na mafundi wawili tumesimama mbele ya mifuko. Nilimbusu mkono. Akaitazama mifuko kabla ya kunitazama mimi.

"Mjomba, mwaka huu pumzika," nikamwambia. "Nyumba naitia simenti nje na ndani. Haitataka kupakwa tena."

"Nitapumzika nikifa. Simenti ya nini?"

"Ukuta unanyonya maji. Naufunga usinyonye."

"Ukuta wanyonya na ukuta watoa," akasema. "Masika wanywa, kaskazi watema. Ukiufunga utatemea wapi?"

"Mambo haya nimeyasoma, mjomba."

"Umeyasoma juu ya matumbawe?"

Jibu lilikuwa la. Nilikuwa nimesoma tofali, zege na chuma. Katika vitabu vyangu vyote hapakuwa na ukurasa mmoja juu ya nyumba ya mama. Lakini sikuliona hilo kuwa upungufu wa vitabu. Niliona ni upungufu wa nyumba.

Mjomba akamgeukia mama, aliyekuwa ameketi ukumbini akichambua mchele. "Mwanao akiona mtu yuwatoka jasho, dawa yake ni kumpaka lami."

Mama alicheka hata akaweka ungo chini. Kisha akasema, kwa sauti ya upole sana, "Mwache, ndugu yangu. Katoka mbali na elimu yake. Asipoitumia kwa nyumba ya mamake aitumie kwa nani?"

Mjomba alichukua ndoo yake akaenda zake. Hakukasirika. Alisimama mlangoni kidogo, akaupapasa ukuta kwa kiganja kama mtu agusaye paji la mgonjwa, akatoka.

Kazi ile niliifanya vizuri. Sitaki mtu adhani niliilipua. Nilichekecha mchanga mwenyewe. Niliupima ukuta kwa timazi, na sehemu zilizopinda tangu enzi ya babu nikazinyoosha. Siku ya Idi wageni waliingia wakaupitishia mikono. Mama alivaa leso mpya, akawa anawaambia, "Gusa, gusa. Hautoki." Mshona kanzu alikuja, akagusa, akanipa mkono. Sina siku niliyoipenda zaidi katika maisha yangu ya kazi.

Baada ya hapo nilitakwa na kila mtu. Katika miaka mitatu nilitia simenti nyumba tisa, zote katika vichochoro vyetu. Hakuna aliyeniomba kuiona diploma. Walisema, "Ulivyofanya kwa mamako, nifanyie vivyo hivyo," na nilipomaliza waliniletea kahawa na halua, wakanitaja kwenye dua. Nilimwandikia yule Mkenya mwenzangu wa Nairobi kwamba amekosea, kwamba mtu akifanya kazi kwao hulipwa mara mbili, kwa fedha na kwa macho ya watu. Nilikuwa na haki ya kuyaandika hayo. Yalikuwa kweli.

Katika miaka hiyo mitatu hakuna aliyemwita mjomba kupaka nyumba. Aliacha kuvuka kwenda kuchoma. Shimo lake lilikauka, likapasuka kama kisigino, kisha mkewe akalifukia na kupanda mchicha juu yake. Mjomba akaanza kuuza nazi mlangoni pake. Nilipokuwa nikipita Bondeni nilinunua nazi zake bila ya kutaka nazi.

Masika ya mwaka wa nne mama aliniita chumbani kwake. Chini ya kidaka cha ukutani alichowekea chetezo na mafuta ya nywele palikuwa na kilima kidogo cha unga mwekundu. Alikuwa amekifagia asubuhi, na alasiri kimerudi.

"Ni mchwa?" akaniuliza.

Niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ulilia kama mtungi mtupu. Niligonga pengine, ukalia vilevile. Nikatoka kichochoroni, nikaegemea nyumba ya jirani na kuiangalia yetu kwa ubavu, nikaona kwamba ule ukuta nilioupima kwa timazi ulikuwa umetoa tumbo. Nikapanda juu ya meza, nikajaribu kichwa cha boriti pale kinapoingia ukutani. Bisibisi ilizama hadi mpini, bila ya nguvu.

Mtu wa kazi yangu hahitaji zaidi. Maji yalipanda kutoka ardhini kama yalivyokuwa yakipanda tangu babu, yakafika juu, yakataka kutoka, yakakuta simenti nje na simenti ndani. Yakakaa humo pamoja na chumvi yake. Udongo na chokaa vilivyoshika mawe vikarudi kuwa tope, na vichwa vya boriti vikaoza ndani ya tope hilo. Yote hayo yalitokea nyuma ya ukuta ambao wageni waliupapasa siku ya Idi. Kubambuka kulikonitia aibu ndiko kulikokuwa uzima wa nyumba.

Sikumwambia mama. Nilikwenda Bondeni.

Mjomba alikuwa akifua nazi. Alinisikiliza hadi mwisho bila ya kunikata, na nilipomaliza nilingoja anitukane. Ningalipenda anitukane.

"Yataka kubanduliwa simenti yote," akasema. "Polepole, mkono kwa mkono. Halafu mawe yakazwe upya kwa chokaa iliyolala."

"Basi tufanye. Nitakuwa kibarua wako."

"Chokaa iko wapi?"

Tuligeuka wote wawili tukautazama mchicha.

"Nikichoma leo," akaendelea, "yataka mwaka shimoni. Chokaa changa haishiki, yaunguza. Nyumba itangoja mwaka?"

"Mjomba, wewe ndiwe unayezijua nyumba hizi."

"Na wewe ndiwe mwenye diploma. Nakuuliza. Itangoja?"

"Haitangoja," nikamwambia.

Hata hivyo alikuja. Aliikwangua sehemu moja tu, chini ya dirisha, kwa nyundo ndogo. Simenti ilitoka kipande kikubwa kama sinia, na ikatoka na uso wa ukuta. Nyuma yake mawe yalikuwa yameketi ndani ya kitu kama unga wa muhogo uliorowa. Jiwe moja likateleza lenyewe likaanguka miguuni petu. Mjomba alikusanya unga ule kiganjani, akaunusa, akauacha. "Funika," akasema. "Simenti ndiyo iliyoshika sasa. Ukiitoa, nyumba yaja nayo."

Kumwambia mama kulinichukua siku mbili. Nilimkuta ukumbini na nikayasema yote, kwamba mimi ndiye niliyeifunga nyumba, na kwamba lazima atoke.

Mama akauliza, "Kwa muda?"

"Kwa muda," nikasema.

Hilo ndilo neno la uongo pekee nililowahi kumwambia, na alilijua pale pale.

Nilipata nyumba Buxton, vyumba viwili kwenye majumba ya baraza la mji. Siku ya kuhama sikuwa nimemwambia mtu, lakini nilipofungua mlango kichochoro kilikuwa kimejaa. Kila mtu alibeba kitu: mshona kanzu alijitwika godoro, wanawake wakabeba vyombo, mmoja akabeba chetezo peke yake kwa mikono miwili kama anabeba mtoto. Niliwaona wakitembea mbele yangu kwa safu, na kati yao wanne walikuwa watu niliowatilia simenti. Nikiulizwa kwa nini nilipapenda kwetu, basi ni kwa hilo. Na sikuweza kulitazama.

Wiki ya tano ukuta wa kichochoroni ulianguka, adhuhuri, watu wakiwa msikitini. Hakuumia mtu. Ghorofa ilishuka juu yake. Nilipofika vumbi lilikuwa limetulia, na vipande vya simenti yangu vilikuwa vizima kabisa, vimelala juu ya kifusi kama majani ya kitabu. Kazi yangu haikuwa na kasoro hata katika kuanguka.

Watu walikuja Buxton kumpa mama pole, na mama akawaambia wote, mmoja baada ya mwengine, kwamba ni mvua. "Nyumba ilikuwa kongwe," alisema, "na masika haya hayana mfano. Mwanangu aliizuia miaka minne. Bila yeye ingeanguka zamani." Mjomba alikuwa ameketi pembeni, na mara moja alifungua mdomo. Mama akamtazama. Akaufunga.

Nilipita nyumba zile tisa, mlango kwa mlango. Niliwaeleza kama nilivyoeleza hapa, kwa maneno mepesi. Niliwaambia watafute namna ya kuibandua simenti sehemu ambazo ukuta wake bado ulikuwa mgumu, hata kama ni kuziacha wazi. Walinikaribisha ndani. Walinipa kahawa.

"Una huzuni ya nyumba yenu," mwenye nyumba mmoja aliniambia, mzee mwenye heshima zake aliyefundisha vyuo vya Kurani. "Mamako mwenyewe katwambia ni mvua. Usijitie unyonge. Mtu hasomi bure."

"Maalim, mimi niliyeitia ndiye ninayekwambia."

"Na ulipoitia pia ni wewe uliyeniambia," akasema, kwa upole. "Nikuamini lini?"

Ningekuwa mtu mwengine angenishitaki, angenifukuza, na nyumba yake pengine ingepona. Lakini mimi nilikuwa mwana wa mama yangu, na mama yangu alikuwa ameshasema.

Mama alikaa Buxton mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mlango wa pale aliuita mlango wa serikali. Hakulalamika, alisema maji ya mfereji yako karibu na goti linapata nafuu. Kila Ijumaa mjomba alikuja, wakaketi bila ya kusema mengi. Mama hakuniuliza hata siku moja tutarudi lini, na nilitamani aniulize, angalau nijue kwamba bado anatumaini. Alikufa baada ya alfajiri, mwezi wa Shaaban. Jeneza lilitoka mlango wa serikali, likageuzwa mara mbili kwa sababu mlango ule haukujengwa kwa jeneza, na tukaenda nalo makaburini kwa barabara kuu, ambako hakuna aliyemjua tangu kuzaliwa.

Siku ya tatu ya matanga, khitima ilipokwisha na watu wakanywa kahawa, mshona kanzu alisogea akaketi kati yangu na mjomba. Alisema maneno ya kufariji, yaliyotoka moyoni. Kisha akapunguza sauti.

"Najua si wakati wake. Lakini Ramadhani yaingia, na ukuta wangu wote umebambuka. Sina wa kunipakia. Utanitilia simenti lini?"

Nyumba yake ilikuwa moja ya chache ambazo sikuwahi kuzigusa. Nilimwambia, "Mwulize mjomba. Yake ndiyo dawa ya ukuta ule."

Mjomba alikuwa akizungusha kikombe kitupu.

"Sina chokaa," akasema.

"Mjomba, tukichoma sasa—" nikaanza.

"Tuchome nani na nani? Mato yangu hayaoni tanuri. Na yeye ukuta wake uko wazi. Masika mawili haufiki." Alikiweka kikombe chini, akaniangalia kwa mara ya kwanza siku ile. "Mtilie simenti. Itampa miaka mitatu, minne."

Mshona kanzu alimshukuru, akanishukuru na mimi, akainuka kwenda kuwaaga wengine.

Jumatatu asubuhi nilichukua kamba na timazi, nikaenda kuupima ukuta wake. Njiani niliulizwa hali na kila mtu, na kila mtu nilimjibu njema.